Samaki wa Magadi katika Ziwa Nakuru

Hadi katikati ya karne ya 20, Ziwa Nakuru halikuwa na samaki. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia humo, lakini hakuna mto unaotoka, hivyo maji yanapogeuka mvuke huacha nyuma magadi, yaani chumvi ya sodiamu kabonati, ambayo samaki wa kawaida hawaistahimili. Waliofaidi ziwa hilo walikuwa heroe, ndege wanaochuja mwani mdogo wa maji hayo kwa midomo yao.

Kati ya mwaka 1953 na 1962, tilapia wadogo waliletwa kwa awamu kutoka Ziwa Magadi, kusini mwa Bonde la Ufa, ili wale viluwiluwi vya mbu. Aina hiyo, iliyopewa jina la kisayansi na Boulenger mwaka 1912, huishi kwenye chemchemi ambazo joto lake hupita nyuzi 40 za selsiasi, na jike huangulia mayai yake kinywani. Samaki wengi hutoa taka ya mwili ikiwa amonia kupitia matamvua, viungo vyao vya kupumulia, lakini katika maji ya magadi amonia haitoki kwa urahisi, hivyo samaki huyu huigeuza kuwa yurea, kama afanyavyo binadamu.

Samaki hao walipozaana, walivuta mwari, ndege wakubwa wavuvi, ambao hutaga katika visiwa vya Ziwa Elmenteita lililo jirani, ambako samaki ni haba, na kuruka hadi Nakuru kuwatafutia makinda yao chakula. Hifadhi ya ndege iliyoanzishwa mwaka 1960, ikawa mbuga ya taifa mwaka 1968, ilipata hivyo utajiri ambao mwanzilishi wa mpango wa mbu hakuukusudia. Tangu miaka ya 2010 ziwa limefurika, maji yamepungua ukali, na tilapia wa Naili, ambaye hapo awali asingeweza kuishi humo, ameonekana. Historia hii yadhihirisha kwamba kumhamisha samaki mmoja ni kubadili maisha ya ziwa zima na ya majirani zake, nao uamuzi wa namna hiyo wastahili kupimwa kwa uzito huo.