Diwali: Sikukuu ya taa na kisa cha kurejea nyumbani

Diwali, ijulikanayo pia kama Deepavali, ni sikukuu kubwa ya Wahindu inayoadhimishwa kati ya Oktoba na Novemba, usiku ambao mwezi hauonekani angani. Jina hilo ni la Kisanskriti, na maana yake ni safu ya taa.

Kwa Wahindu wengi, sikukuu hii hukumbusha kurejea kwa Rama mjini Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamisho. Wakazi walimlaki kwa taa. Ndiyo maana hadi leo vitaa vya udongo, vyenye utambi na samli au mafuta, hupangwa milangoni na madirishani.

Sherehe huchukua siku tano. Nyumba husafishwa, kizingiti hupambwa kwa michoro ya unga wa rangi, majirani hugawiwa vyakula vitamu, na fataki hurushwa. Lakshmi, mungu wa kike wa neema na utajiri, hukaribishwa nyumbani. Wafanyabiashara wa Kigujarati hubariki madaftari mapya ya hesabu, kwa kuwa mwaka wao mpya huanza siku inayofuata.

Desturi hizo zilifika Uganda pamoja na watu kutoka Bara Hindi, ambao maduka yao yalienea hadi Arua wakati wa ukoloni. Agosti 1972, Rais Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ulitoka Koboko, alitangaza kuwafukuza Waasia. Walipewa siku 90. Tarehe ya mwisho ikawa 8 Novemba. Diwali ya mwaka huo iliangukia siku chache tu kabla ya tarehe hiyo.

Amin alipoondolewa madarakani mwaka 1979, uhamisho uliwafika pia wenyeji wa West Nile. Maelfu walikimbilia Zaire na Sudan wakihofia kulipiziwa kisasi, na wengi hawakurejea hadi miaka ya 1980. Waasia nao walianza kurudi kwa wingi miaka ya 1990, serikali ya Rais Yoweri Museveni ilipokuwa ikiwarejeshea mali zao.

Diwali si siku ya mapumziko ya kitaifa nchini Uganda. Hata hivyo, katika eneo hilo, ambalo leo linawahifadhi wakimbizi wengi wa Sudan Kusini, kisa cha Rama hakihitaji mkalimani. Aliyewahi kufunga mlango wake bila kujua atarudi lini anaelewa kwa nini taa huwekwa kizingitini.