Jemadari Mbele ya Mchoraji

Mwaka 1549 Antonis Mor, mzaliwa wa Utrecht, alimchora Fernando Álvarez de Toledo, Duke wa Alba, jemadari wa Kaisari Karoli V. Tunamwona ndani ya deraya, fimbo ya ujemadari mkononi, uso mkavu. Miaka miwili kabla alikuwa ameshinda vita vya Mühlberg.

Mwaka 1567 Mfalme Filipo II alimtuma Uholanzi, nchi ya mchoraji yule yule, akakomeshe uzushi na uasi. Mahakama yake wananchi waliiita Baraza la Damu. Tarehe 5 Juni 1568, mjini Brussels, alimkata kichwa Egmont, Mkatoliki aliyeipigania Hispania kule Saint-Quentin mwaka 1557! Imani ipi ilikuwa ikilindwa pale? Alba aliondoka mwaka 1573. Vita alivyoviacha havikwisha hadi mwaka 1648.