Nyigu waliookoa kahawa ya Thika

Mkulima wa nyanya wa Kitengela au Mashuuru akiona nzi weupe wakitimka chini ya majani, hukimbilia pampu ya dawa. Naumia, kwa sababu Kenya ilikuwa na njia nyingine tangu enzi za ukoloni.

Mnamo 1923 wadudu waitwao vidung'ata walivamia kahawa ya Thika. Wataalamu waliwafananisha na wa ng'ambo, wakatafuta adui zao katika nchi za mbali hadi Asia. Wadudu walioletwa hawakufua dafu. Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu Le Pelley alithibitisha kwamba ni aina ya peke yake, akaipa jina kenyae. Aina hiyo ilikuwepo Uganda pia, ila huko haikusumbua, maana nyigu wadogo waliidhibiti. Nyigu hao wakaletwa mwaka 1938, na baada ya miaka kadhaa kahawa ikapona. Dawa waliyokuwa wakiisaka ng'ambo ilikuwa kwa jirani!

Nzi weupe nao wana nyigu wao, Encarsia formosa. Mwaka 1926 mkulima wa nyanya Uingereza aliona watoto wa nzi weupe wamegeuka weusi kwenye majani. Mtaalamu Speyer wa kituo cha Cheshunt akakuta nyigu ndani yao, wasiofika milimita moja. Jike hutaga yai ndani ya mtoto wa nzi. Buu humla mwenyeji wake akiwa humo humo, kisha nyigu mpya hutoboa tundu la mviringo na kutoka. Kituo kilifuga nyigu hao kwa wingi na kuwagawa kwa wakulima. Baada ya Vita Vikuu vya Pili dawa kama DDT ziliwasahaulisha watu, hadi nzi walipozoea sumu.

Leo nyigu huuzwa wakiwa bado ndani ya magamba meusi ya watoto wa nzi, yaliyobandikwa kwenye vikadi, na vikadi huning'inizwa kwenye miche ndani ya kivungulio. Huwekwa mapema, nzi wakiwa wachache. Wakishajaa, nyigu hulemewa. Dawa kali ikipulizwa, wanaotangulia kufa ni hao hao.

Wengi hukosea wanapopogoa. Magamba meusi hujaa kwenye majani ya chini, yale yanayokatwa na kuchomwa moto siku hiyo hiyo. Yageuze kwanza. Ukiona vidoti vyeusi, yaache kivungulioni siku chache, nyigu watoke.