Chungwa la Muheza: la kijani siyo bichi

Umewahi kuliacha chungwa gengeni kwa sababu tu ganda lake ni la kijani? Basi huenda umeliacha tamu, ukaenda kununua la njano lililokuja kwa meli.

Machungwa mengi yanayouzwa Tanga na Dar es Salaam yanatoka wilaya ya Muheza, kilomita 40 hivi kabla hujaingia Tanga mjini. Msimu mkubwa ni kuanzia Mei hadi Agosti, japo mvua zinaweza kuusogeza kidogo. Kuna msimu mdogo mwishoni mwa mwaka, lakini wakati huo embe linakuwa limeshateka soko.

Kwa nini halibadiliki rangi?

Ukijani wa ganda ni klorofili, ileile iliyopo kwenye majani. Ili ipotee na rangi ya njano itokeze, chungwa linahitaji usiku wenye baridi. Muheza iko karibu na bahari, usiku wake ni wa joto. Kwa hiyo tunda linaiva ndani, sukari inapanda na uchachu unashuka, huku ganda limebaki kijani au lina mabaka tu ya njano. Thailand nako ni hivyohivyo.

Yale ya njano kali ya supamaketi, mengi kutoka Afrika Kusini na Misri, yamekulia kwenye baridi. Mengine huwekwa kwenye chumba chenye gesi ya ethilini ili ganda ligeuke. Gesi hiyo inabadili rangi, utamu haiongezi hata chembe.

Likichumwa bichi, basi tena

Chungwa siyo embe wala ndizi. Ukilichuma kabla ya wakati, haliivi ndani ya gunia. Na hapa ndipo mkulima anapoumia. Mwanzoni mwa msimu bei ni nzuri, kila mtu anakimbilia kuchuma, mteja wa mjini anakutana na uchachu na kusema machungwa ya mwaka huu hayafai. Yakifika yale matamu ya Julai, soko limejaa na bei shambani imeanguka.

Wengine hawafiki hata Julai. Ada ya shule ikibana, mtu anauza matunda ya shamba zima yakiwa bado machanga. Mnunuzi anakadiria kwa macho, analipa, kisha anasubiri yaive. Faida ya kuiva ni yake. Malori ya wafanyabiashara wa Kenya, wanaopitia mpaka wa Horohoro, husaidia sana kuondoa mzigo. Yakichelewa, machungwa yanaozea chini ya miti.

Utalijuaje lililoiva?

Lishike mkononi. Zuri ni zito kuliko unavyolitegemea kwa ukubwa wake, na ganda lake ni laini na jembamba. Lenye ganda nene, la kukwaruza, tena jepesi, mara nyingi ni kavu ndani. Rangi isikusumbue. Ukiwa na wasiwasi, nunua moja kwanza kwa muuza mkokoteni, akumenyee na kulikata juu, ulinyonye hapohapo. Huo ndio upimaji wa uhakika, na hauna aibu.

Ukisafiri kutoka Segera kwenda Tanga, nunua barabarani. Wauzaji wengi pale ni watu wa vijiji vya jirani, hela yako haipiti mikono mingi. Ukiwa Dar, subiri Juni iishe ndiyo ununue mengi kwa mkupuo. Yaweke kwenye kapu kivulini, siyo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, yatakaa kama wiki moja. Kwenye friji yanadumu zaidi.

Juisi yake? Kamua, chuja mbegu, kunywa. La Julai halidai sukari. Na kama muuzaji wako anakuletea machachu kila Mei, mwambie wazi kwamba utarudi mwezi ujao. Naye atamwambia aliyemletea mzigo.