Gari Linapoharibika Barabarani: Namna ya Kulivuta kwa Usalama na Kulitunza kwa Nje

Gari linapoharibika barabarani huwa hatari kwa namna mbili. Kwanza, hugeuka kizuizi kilichosimama mahali ambapo watumiaji wengine wanatarajia njia iwe wazi. Pili, linapoanza kuvutwa huwa ni chombo chenye uzito wa tani moja au zaidi kinachotembea bila nguvu ya injini yake na bila msaada kamili wa breki na usukani. Katika hali zote mbili, madhara makubwa hayaletwi na ubovu wenyewe, bali huletwa na gari kutoonekana mapema na watu kufanya haraka.

Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma ni mfano ulio wazi. Barabara hiyo hubeba malori ya mizigo usiku na mchana, yakiwemo yanayoelekea Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kisha hupanda mlima Kitonga wenye kona kali na bonde upande mmoja. Gari dogo lililozimika kwenye kona ya mlima kama huo bila alama yoyote linaweza kugongwa na lori ambalo dereva wake hakupewa nafasi ya kusimama.

Makala haya yanaeleza hatua ambazo dereva anapaswa kuchukua gari linapoharibika, namna sahihi ya kulivuta, na matunzo ya sehemu ya nje ya gari ambayo husaidia lionekane na lidumu.

Hatua za kwanza

Dereva anapohisi gari linapoteza nguvu anapaswa kuonesha ishara ya kwenda kushoto na kutumia mwendo uliobaki kulitoa gari kwenye lami hadi kwenye bega la barabara. Likishasimama, awashe taa za hadhari na kuvuta breki ya mkono. Abiria washuke kwa milango ya kushoto, ambako magari hayapiti, na wasimame mbali na barabara. Hawapaswi kusimama nyuma wala mbele ya gari, kwa kuwa likigongwa ndilo litakalowaumiza. Ndani ya hifadhi ya wanyama, abiria wasiingie porini. Wabaki karibu na gari, upande ulio mbali na lami, na watoe taarifa kwa askari wa hifadhi mapema iwezekanavyo.

Hatua inayofuata ni kuweka pembetatu za tahadhari zinazoakisi mwanga. Umbali wa kuziweka ni jambo ambalo madereva wengi hulichukulia kwa wepesi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde mbili kutambua kilichoko mbele na kukanyaga breki, atakuwa ameshapita mita 44 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Pembetatu iliyowekwa hatua kumi nyuma ya gari, kwa hiyo, haimsaidii mtu yeyote. Kwenye barabara kuu inafaa iwekwe angalau mita 100 nyuma ya gari, sawa na hatua 130 hivi za mtu mzima. Gari likiwa limesimama baada ya kona au kilele cha mlima, pembetatu iwekwe kabla ya kona au kilele hicho. Pembetatu ya pili iwekwe upande wa mbele ikiwa barabara ni ya njia mbili.

Mazoea ya kutandaza matawi ya miti barabarani husaidia mchana pale ambapo hakuna kifaa kingine, lakini matawi hayaakisi mwanga. Usiku dereva huyaona akiwa ameshayafikia. Vivyo hivyo, mawe yanayowekwa kuzuia magurudumu yasibingirike ni lazima yaondolewe gari linapoondoka. Jiwe lililoachwa kwenye lami linaweza kumwangusha mwendesha bodaboda ambaye hata hakujua kwamba gari liliharibika hapo.

Endapo kuna harufu ya petroli au mafuta yanaonekana kuvuja, gari lisivutwe na lisijaribiwe kuwashwa. Watu waondoke eneo hilo na taarifa itolewe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba 114. Tukio la tarehe 10 Agosti 2019 katika eneo la Msamvu, Manispaa ya Morogoro, ambapo lori la mafuta lilipinduka na kulipuka wakati watu wakichota mafuta na kusababisha vifo vya watu zaidi ya 100, linabaki kuwa fundisho kwa taifa. Kwa dharura nyingine za barabarani, Jeshi la Polisi hupatikana kwa namba 112.

Kujua kama gari linafaa kuvutwa

Si kila gari linafaa kuvutwa kwa kamba. Gari lenye hitilafu ya breki, usukani au magurudumu linapaswa kubebwa juu ya gari maalumu. Kulivuta gari la aina hiyo ni kuweka barabarani chombo ambacho hakuna anayeweza kukizuia.

Aina ya giaboksi nayo ni ya kuzingatia. Magari mengi madogo yanayoingizwa nchini yakiwa yametumika hujiendesha yenyewe katika kubadili gia. Ndani ya giaboksi za aina hiyo mna pampu inayosambaza mafuta ya kulainisha, na pampu hiyo huendeshwa na injini. Gari likivutwa huku injini imezimwa na magurudumu yanayoendeshwa yakigusa barabara, vyuma vya ndani huzunguka bila kupata mafuta ya kutosha. Hupata joto na kusagana, na mwenye gari aliyekuwa na tatizo la betri au pampu ya maji hujikuta akilazimika kununua giaboksi. Ikiwa gari linaendeshwa kwa magurudumu ya mbele, inafaa sehemu ya mbele inyanyuliwe. Ikiwa linaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, inyanyuliwe sehemu ya nyuma.

Magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne kwa wakati wote, pamoja na yale yanayotumia injini ya mafuta na mota ya umeme kwa pamoja, yanafaa kubebwa mazima. Kunyanyua magurudumu mawili na kuacha mengine yakizunguka kunaweza kuharibu mfumo mzima wa uendeshaji. Kitabu cha mwongozo cha gari hueleza umbali na mwendo unaoruhusiwa kwa kila aina, na maelekezo yake ndiyo ya kufuatwa.

Vifaa na mahali pa kufunga

Kamba ya kuvutia inapaswa kuwa imara kulingana na uzito wa gari, isiyo na mafundo wala nyuzi zilizokatika. Urefu wa mita tatu hadi tano kati ya magari mawili hutosha. Ikiwa fupi mno, gari la nyuma hukosa nafasi ya kusimama. Ikiwa ndefu mno, hulegea, hukatika kwa mshituko, au mtembea kwa miguu hupita katikati bila kuiona. Kitambaa cha rangi kali, hasa nyekundu au nyeupe, kifungwe katikati ya kamba. Bomba la chuma la kuvutia ni salama zaidi kuliko kamba, kwa sababu hulizuia gari la nyuma lisiligonge la mbele.

Kamba ifungwe kwenye pete ya kuvutia tu. Katika magari mengi ya kisasa pete hiyo huhifadhiwa pamoja na jeki na spana, nayo hukazwa kwenye tundu lililofichwa na kifuniko kidogo kwenye bampa. Inapaswa kukazwa hadi mwisho. Kufunga kamba kwenye bampa, kwenye vyuma vya usukani au kwenye mikono ya magurudumu ni kosa linaloweza kung'oa sehemu hizo na kuacha gari likienda ovyo. Wakati kamba inapokazika, watu wote wasimame mbali nayo. Kamba au mnyororo unaokatika ukiwa umevutika hurudi kwa kasi inayoweza kuua.

Madereva wawili na maelewano yao

Kabla ya safari kuanza, madereva wa magari yote mawili wanapaswa kukubaliana kuhusu njia, mwendo, mahali pa kusimama na ishara. Anayekaa katika gari linalovutwa ni lazima awe dereva mwenye leseni, kwa kuwa ndiye anayelielekeza gari na kufunga breki. Ufunguo uwe umefunguliwa kiasi cha kuachia usukani, na gia iwe huru. Dereva huyo atambue mapema kwamba injini ikiwa imezimwa, usukani huwa mzito na breki huhitaji kukanyagwa kwa nguvu zaidi ya kawaida. Abiria wengine wasipande katika gari linalovutwa.

Dereva wa mbele aondoke taratibu hadi kamba ikazike, ndipo aongeze mwendo kidogo kidogo. Mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa unafaa. Dereva wa nyuma aiweke kamba ikiwa imekazika muda wote kwa kugusa breki kidogo pale wa mbele anapopunguza mwendo. Kwenye mteremko mrefu, kamba haifai; inabidi litumike bomba la chuma au gari la kubebea.

Taa za hadhari ziwake katika magari yote mawili. Betri ya gari linalovutwa ikiwa imekufa, vibandiko vinavyoakisi mwanga na bango lenye maneno "GARI LINAVUTWA" viwekwe nyuma yake. Kuvuta kwa kamba usiku, kwenye mvua kubwa au kwenye ukungu kuahirishwe. Aidha, lengo la kuvuta kwa kamba ni kulifikisha gari mahali salama palipo karibu, si kulisafirisha kutoka mkoa mmoja hadi mwingine.

Mwananchi anayekodi gari la kuvutia anashauriwa kukubaliana bei na mahali pa kupelekwa kabla kazi haijaanza, kuandika namba za usajili za gari hilo, kuondoa vitu vya thamani na kupiga picha za gari lake pande zote. Mwenye bima kubwa aijulishe kampuni yake mapema, kwani baadhi ya mikataba hugharamia huduma hiyo.

Matunzo ya sehemu ya nje

Baada ya kuvutwa, gari likaguliwe kwa nje. Ndoano, minyororo na kamba huacha mikwaruzo kwenye bampa na kwenye rangi, na mkwaruzo uliofika kwenye chuma ni mwanzo wa kutu. Katika miji ya mwambao kama Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar, hewa yenye chumvi huharakisha kutu hiyo. Mkwaruzo mdogo unaosafishwa na kupakwa rangi mapema humgharimu mmiliki kidogo. Ukiachwa miezi kadhaa huhitaji fundi bodi kukata na kuchomelea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Uoshaji nao una utaratibu wake. Gari lioshwe kivulini likiwa limepoa, kuanzia juu kwenda chini, kwa kumwagiwa maji mengi kwanza ili vumbi liondoke. Kulifuta gari lenye vumbi kavu kwa kitambaa, kama ilivyo desturi ya wengi katika mikoa yenye vumbi jingi kama Dodoma na Singida, ni sawa na kulisugua kwa msasa laini. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta inayolinda rangi, hivyo inafaa kutumia sabuni maalumu ya magari. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti viondolewe haraka kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa jua huvichoma hadi ndani ya rangi. Sehemu ya chini ya gari, ambako tope na chumvi hujificha, isisahauliwe, na tundu la pete ya kuvutia lisafishwe ili lisizibwe na kutu.

Uoshaji usifanyike mtoni wala ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na fukwe za maziwa. Mafuta na sabuni ya gari moja huingia katika maji yanayotumiwa na kijiji kizima.

Matunzo haya si urembo pekee. Taa iliyofunikwa na tope haioneshi njia, kiakisi mwanga kilichofifia hakimwonyi dereva anayekuja nyuma, na kioo chenye mikwaruzo ya waipa kuukuu humpofusha dereva anapomulikwa na taa za usiku. Siku gari litakapozimika gizani, viakisi hivyo ndivyo vitakavyolisemea.

Kwa sababu hiyo, kabla ya safari ndefu kila mmiliki anapaswa kuhakikisha kwamba taa zote zinawaka na ni safi, na kwamba ndani ya gari kuna pembetatu mbili, kizimamoto, jeki, spana, pete ya kuvutia, kamba imara, tochi na kizibao kinachoakisi mwanga. Vifaa hivyo huchukua nafasi ndogo nyuma ya gari, na gharama yake haiwezi kulinganishwa na uhai wa mtu mmoja anayesubiriwa nyumbani.