Wasaidizi wa Kisheria wa Jamii na Upatikanaji wa Haki Nchini Sierra Leone Baada ya Vita, 2002–2022

1.0 Utangulizi

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Sierra Leone vilianza mwezi Machi 1991, wapiganaji wa kundi la RUF walipovuka mpaka kutoka Liberia na kuingia wilaya ya Kailahun. Vilitangazwa rasmi kumalizika mwezi Januari 2002. Maandishi mengi kuhusu haki baada ya vita hivyo yamejikita katika taasisi mbili: Mahakama Maalumu ya Sierra Leone, iliyoundwa kwa mkataba baina ya serikali na Umoja wa Mataifa mwaka 2002, na Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyokamilisha taarifa yake mwaka 2004. Taasisi hizo zilishughulikia hasa maovu yaliyotendwa vitani. Insha hii inamchunguza mhusika ambaye hakupewa nafasi kubwa katika maandishi hayo, yaani msaidizi wa kisheria wa jamii. Hoja kuu ni kwamba msaidizi huyu hakuwa wakili wa bei nafuu aliyeletwa kuziba pengo la mawakili. Alikuwa jibu kwa mojawapo ya vyanzo vya vita vyenyewe. Nguvu yake na udhaifu wake vilitokana na mahali aliposimama, katikati ya mifumo miwili ya sheria iliyoachwa na ukoloni.

2.0 Mifumo Miwili ya Sheria katika Nchi Moja

Mgawanyiko huo ulianzia katika utawala wa Kiingereza. Freetown na viunga vyake vilikuwa koloni tangu mwaka 1808, vikiongozwa kwa sheria ya Kiingereza. Sehemu kubwa ya bara ilitangazwa kuwa nchi lindwa mwaka 1896, nayo ikatawaliwa kupitia machifu na sheria za kimila. Kodi ya nyumba ya mwaka 1898 ilizusha upinzani ambao katika eneo la kaskazini uliongozwa na Bai Bureh. Upinzani huo ulizimwa kwa silaha, na machifu wakawa wakusanyaji wa kodi, waamuzi wa mashauri na wasimamizi wa ardhi kwa wakati mmoja.

Uhuru wa mwaka 1961 haukuvunja muundo huo. Sheria ya Mahakama za Mitaa ya mwaka 1963 iliweka wenyeviti wa mahakama mahali pa machifu. Hata hivyo, machifu waliendelea kusikiliza mashauri barazani mwao bila mamlaka ya kisheria, na faini walizotoza mara nyingi hazikuandikwa popote. Sheria hiyohiyo iliwazuia mawakili kuwatetea wateja mbele ya mahakama za mitaa. Katiba ya mwaka 1991, katika kifungu cha 170, iliitambua sheria ya kimila kuwa sehemu ya sheria ya nchi, na katika kifungu cha 27 ikaziacha ndoa, talaka na mirathi nje ya katazo la ubaguzi. Kwa hiyo mjane wa kijijini angeweza kufukuzwa katika nyumba ya marehemu mumewe pasipo Katiba kuvunjwa.

Pamoja na wanawake, walioumia zaidi walikuwa vijana. Mwanaanthropolojia Paul Richards, aliyeichunguza jamii ya mashambani ya Sierra Leone kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba vijana wasio na mali walitozwa faini nzito katika mashauri yahusuyo wanawake na walilazimishwa kufanya kazi za jumuiya. Aliyeshindwa kulipa alihama kijiji au alimtumikia mzee aliyemlipia. Si kila mpiganaji wa RUF alitoka katika kundi hilo, kwa kuwa wengi walitekwa wakiwa watoto. Hata hivyo, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilihitimisha kwamba utawala mbaya, rushwa na kunyimwa haki za msingi ndivyo vilivyoandaa mazingira ya vita.

3.0 Kuzaliwa kwa Huduma ya Wasaidizi wa Kisheria

Mahakama Maalumu iliwashtaki watu 13 na kuwatia hatiani 9 kwa makosa ya kivita, akiwamo Rais wa zamani wa Liberia, Charles Taylor, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 50 mwaka 2012. Mchango wake katika sheria ya kimataifa ni mkubwa. Lakini haikuundwa ili kumsaidia kijana aliyetozwa faini na chifu, wala mama aliyetelekezwa na mzazi mwenzake. Mashauri hayo yalirudi palepale yalipokuwa kabla ya vita.

Wakati huo nchi ilikuwa na takribani mawakili 100 kwa watu wapatao milioni 5, na wengi wa mawakili hao waliishi Freetown. Hata kama idadi yao ingeongezwa mara kumi, tatizo lisingekwisha, kwa sababu mahakama zilizotumiwa na wananchi wengi zilikuwa zimewafungia mawakili mlango. Mwaka 2003 Open Society Justice Initiative na National Forum for Human Rights zilianzisha mradi uliokuja kuitwa Timap for Justice, chini ya uongozi wa wanasheria Simeon Koroma na Vivek Maru. Neno “timap” katika Kikrio lina maana ya kusimama. Wazo lenyewe lilikuwa na mizizi Afrika Kusini, ambako ofisi za ushauri ziliwasaidia Waafrika kukabiliana na sheria za ubaguzi wa rangi. Katika Sierra Leone lililazimika kubadilishwa ili liendane na nchi yenye baraza la chifu na mahakama ya hakimu kwa pamoja.

4.0 Utendaji na Mipaka Yake

Msaidizi wa kisheria alikuwa mtu wa eneo lake, mwenye kuifahamu lugha na mila ya wenyeji, na huduma yake haikutozwa malipo. Shauri la kawaida lilikuwa la matunzo ya mtoto. Mama alifika ofisini, maelezo yake yakaandikwa katika daftari, kisha baba akapelekewa barua ya kumwita. Wakielewana, makubaliano yaliandikwa pamoja na kiasi cha fedha na tarehe ya kulipa, na msaidizi alifuatilia utekelezaji. Baba akikaidi, shauri lilipelekwa kwenye kitengo cha polisi cha kusaidia familia au kwa hakimu. Nyuma ya msaidizi alikuwapo wakili. Wakili huyo alikwenda mahakamani mara chache tu, lakini uwezekano wa kwenda kwake ndio uliofanya barua ya msaidizi ijibiwe.

Kazi hiyo ilipanuka kadiri sheria zilivyobadilika. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria tatu kuhusu ukatili wa majumbani, mirathi, na usajili wa ndoa na talaka za kimila. Sheria hizo zilichapishwa kwa Kiingereza cha kisheria. Zilimfikia mjane wa kijijini pale tu mtu alipomweleza kwa lugha yake kwamba sasa ana haki ya kurithi. Vivyo hivyo, katika vituo vya polisi wasaidizi walihesabu muda wa mahabusu. Kifungu cha 17 cha Katiba kinataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 72, au siku 10 kwa makosa mazito. Kuhesabu siku hakuhitaji shahada ya sheria. Kunahitaji mtu atakayefika kituoni na kuuliza.

Hata hivyo, mipaka ilikuwa dhahiri. Kwanza, msaidizi alihitaji ridhaa ya chifu ili afanye kazi katika uchifu wake, ilhali chifu huyohuyo angeweza kuwa mlalamikiwa. Bodi za wananchi za kusimamia huduma zilipunguza hatari hiyo, lakini hazikuiondoa. Pili, usuluhishi una gharama yake: mnyonge anaweza kukubali pungufu ya haki yake kwa kuwa ataendelea kuishi jirani na aliyemdhulumu. Katika makosa kama ubakaji, upatanishi wenyewe huwa dhuluma nyingine. Mashauri hayo hayana budi kwenda mahakamani.

5.0 Kutambuliwa na Dola, na Suala la Ardhi

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2012 iliwatambua wasaidizi na kuelekeza kila uchifu, kati ya 149 zilizokuwapo, upate angalau msaidizi mmoja. Bodi ya Msaada wa Kisheria ilianza kazi mwaka 2015, huku nchi ikiwa bado inapambana na ugonjwa wa ebola. Kutambuliwa huko kulikuwa ushindi, lakini kulizua swali jipya. Msaidizi anayelipwa na wafadhili huweza kukosa ajira mradi unapokwisha. Anayelipwa na serikali anaweza kusita kumhoji polisi au chifu.

Swali hilo lilipata uzito zaidi katika migogoro ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Mikoa ya mwaka 1927 ilikuwa imewapa machifu nafasi kubwa katika kuwakodisha wageni ardhi kwa muda wa hadi miaka 50. Baada ya vita, kampuni za miwa na michikichi ziliitumia njia hiyohiyo. Wasaidizi, sasa wakiwamo wa shirika la Namati, walizisaidia familia kusoma mikataba, kupima maeneo yao na kudai kodi. Mwaka 2022 Sheria ya Haki za Ardhi ya Kimila ilitamka kwamba uwekezaji hauwezi kufanyika bila ridhaa ya familia zenye ardhi, wanawake wakiwamo.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba amani ya Sierra Leone ilihitaji zaidi ya hukumu za wakuu wa vita. Ilihitaji pia mahali ambapo faini isiyo na stakabadhi ingehojiwa na mjane angesikilizwa. Msaidizi wa kisheria aliweza kufika hapo kwa sababu alizifahamu sheria zote mbili na hakutumwa na chifu wala hakimu. Nchi nyingine zinazowatambua wasaidizi hawa kisheria, Tanzania ikiwamo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, zinakabiliwa na suala hilohilo la uhuru wao. Pasipo mshahara wa uhakika, huduma haidumu. Na pasipo uhuru wa kuwahoji wenye mamlaka, msaidizi huishia kuwa karani wa baraza lilelile ambalo vijana wa kabla ya 1991 walilikimbia.