Kuinama Mlangoni: Adabu za Dojo Zilitoka Wapi?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Kariakoo nikisaka habari ya bei ya vitunguu (kazi za gazeti hizi, acha tu) nikakutana uso kwa uso na swahiba wangu wa chuo. Hatukuwa tumeonana karibu miaka 5. Tukaingia mgahawani, chai na sambusa, stori zikaanza. Katikati ya stori akaniuliza, "Hivi bado unapiga zile karate zako?" Nikamwambia napiga, siku nikitoka kazini mapema. Akatabasamu, akanyamaza. Nami nikanyamaza, maana wote wawili tulikuwa tunaikumbuka siku ileile.

Ngoja nieleze. Mwaka wa kwanza chuo tulijiunga pamoja na klabu moja ya karate, mtindo wa Shotokan. Jina la klabu nalihifadhi. Mazoezi yalikuwa jioni kwenye ukumbi wa shule: madawati yanasukumwa ukutani, sakafu ya saruji inafagiliwa, dojo hiyo tayari. Mimi nilikwenda nikiwa na Bruce Lee kichwani. (Ndiyo, sasa najua kwamba Bruce Lee hakuwa mtu wa karate. Wakati ule sikujua.) Siku ya kwanza sikurusha ngumi hata moja. Saa nzima tulifundishwa namna ya kuingia mlangoni. Viatu unavua nje na kuvipanga. Unasimama kizingitini, unainama. Ukichelewa, unapiga magoti pembeni unasubiri uitwe. Mkanda ukilegea unageuka nyuma ndipo uufunge. Maji hunywi mpaka uruhusiwe. Unapanga mstari kwa cheo, mweusi kulia, sisi weupe kushoto kabisa karibu na mafagio. Halafu wote mnapiga magoti na kuinamia picha ya mzee mmoja wa Kijapani iliyotundikwa ukutani.

Swahiba wangu kakulia Tanga, kasoma madrasa tangu utotoni. Ilipofika zamu ya picha aliinua mkono, akauliza kwa upole kabisa kama anaweza kusimama tu kimya wakati wenzake wanainama. Senpai, yaani mwanafunzi wa zamani aliyekuwa anatuongoza, alimkatia hukohuko. Hii ni mila ya miaka elfu moja, akasema, haibadilishwi na mkanda mweupe. Pushapu 50. Halafu kama huwezi, mlango ule pale. Swahiba alipiga pushapu zote 50, akasimama, akavua mkanda wake mweupe akaukunja vizuri, akaondoka. Mimi nilibaki kwenye mstari. Sikusema neno.

Hiyo "miaka elfu moja" imenikaa rohoni tangu siku ile, na mwandishi wa habari akikaliwa na kitu rohoni hukitafuta. Nimekitafuta. Ndugu msomaji, hakuna miaka elfu moja.

Karate ilizaliwa Okinawa, kisiwa kikubwa cha uliokuwa ufalme wa Ryukyu, ambao ulikuwa na mfalme wake na biashara zake na China mpaka Japani ilipoumeza rasmi mwaka 1879. Mbinu nyingi zilitoka China. Hata jina la zamani liliandikwa kwa herufi zenye maana ya "mkono wa China". Sasa mafunzo yenyewe yalikuwaje? Gichin Funakoshi, yule mzee wa kwenye picha yetu, aliyezaliwa mwaka 1868, ameeleza ujana wake mwenyewe. Alikuwa anakwenda usiku, taa mkononi, hadi nyumbani kwa mwalimu wake Anko Asato. Mazoezi yalifanyika uani. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja au wachache tu, kata moja inarudiwa miezi na miezi. Heshima ilikuwepo, tena nzito, lakini ni ile ya kijana mbele ya mzee ndani ya nyumba ya mzee. Hakukuwa na sare nyeupe. Hakukuwa na mkanda wa rangi yoyote wa kuonyesha cheo. Hakukuwa na mistari, maana mstari wa mtu mmoja unaupangaje?

Mistari ilikuja na shule. Mwaka 1901 Anko Itosu, mwalimu mwingine wa Funakoshi, alianza kufundisha karate katika shule ya msingi huko Shuri, na miaka michache baadaye katika shule za juu za Okinawa. Na shule za Japani ya wakati ule zilikuwa shule za namna gani? Tangu mwaka 1886 waziri wa elimu Arinori Mori alikuwa ameingiza mazoezi ya kijeshi katika ratiba. Okinawa nayo ikaingizwa kwenye uandikishaji wa jeshi mwaka 1898. Mmoja wa wanafunzi wa Itosu waliokuja kufundisha karate kwenye chuo cha ualimu ni Kentsu Yabu, mwanajeshi aliyepigana vita vya Japani na China vya 1894 na 1895, ambaye watu waliendelea kumwita "Sajenti". Mpe sajenti darasa la vijana wengi uone atafanya nini. Watapanga mstari. Watahesabu kwa sauti moja, moja, mbili, tatu. Watageuka kwa amri.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Kengele, mstarini, mkaguzi wa kucha, gwaride, mchakamchaka saa 12 asubuhi. Nilipokuwa nasoma habari za Okinawa ya 1901 nilimkumbuka mwalimu wangu wa zamu wa darasa la 4, na fimbo yake.

Sare na mkanda vina asili nyingine, navyo si vya Okinawa hata kidogo. Ni vya judo. Jigoro Kano, mwalimu wa shule naye, alianzisha judo Tokyo mwaka 1882, na ndiye aliyeanza kuwatofautisha wanafunzi wake kwa mkanda mweusi katika miaka ileile ya 1880. Mwaka 1922 Funakoshi, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka hamsini na kitu, alikwenda Tokyo kuonyesha karate katika maonyesho yaliyoandaliwa na Wizara ya Elimu. Kano akamwalika kwenye ukumbi wake. Nguo zilizovaliwa siku ile zilishonwa kwa kuiga za judo. Miaka 2 baadaye, 1924, Funakoshi akatoa mikanda myeusi ya kwanza. Ile njano na kijani tunayoihangaikia kwenye mitihani ni ya baadaye tena, na ilianzia kwenye judo ya Ulaya.

Kuna kisa kimoja cha Funakoshi hapo Tokyo ambacho mimi kama ripota nakipenda kuliko vyote. Hakuwa na hela. Alipanga katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, na ili apunguziwe gharama alikuwa mlinzi, mtunza bustani, na mfagiaji wa vyumba vya wanafunzi. Siku moja akaja mwandishi wa gazeti, akamkuta mzee anafagia, akamuuliza atampata wapi bwana Funakoshi, mwalimu wa karate. Mzee akamwambia asubiri kidogo. Akapanda chumbani, akabadili nguo, akashuka akiwa rasmi, akamkaribisha mgeni. Mwandishi alibaki mdomo wazi. Sasa linganisha na senpai wetu, ambaye sikumwona akishika ufagio hata siku moja.

Tokyo ndiko karate ilikoingia vyuo vikuu, na huko ikakutana na ule utaratibu wa mwanafunzi aliyetangulia kumtawala aliyefuata, ambao haukuanzia kwenye karate. Mwaka 1933 chama kikubwa cha sanaa za mapigano cha Japani, Dai Nippon Butoku Kai, kikaitambua karate. Miaka ileile nchi ilikuwa inaelekea vitani, na dini ya Shinto ilikuwa imefungwa pamoja na dola. Dojo nyingi zilikuwa na dhabahu ndogo ya Shinto kwenye ukuta wa mbele. "Mkono wa China" nao haukufaa tena, tarehe 25 Oktoba 1936 mabingwa wa Okinawa walikutana Naha, mkutano ukiwa umeitishwa na gazeti, Ryukyu Shimpo (tuna mikono kila mahali sisi!), wakakubaliana kutumia "mkono mtupu". Funakoshi alikufa mwaka 1957. Ndipo picha yake ikapanda ukutani dojo baada ya dojo, mahali ambapo zamani ungekuta dhabahu.

Kwa hiyo swahiba wangu hakuwa mjinga. Ukuta ule una historia ya dini kweli. Hata neno dojo asili yake ni la Kibudha, mahali alipopata mwanga Buddha. Lakini na senpai angeweza kumjibu vizuri, kama angejua. Mwaka 1908 Itosu aliandika barua yenye hoja 10 kueleza karate kwa wakuu wa elimu, na jambo la kwanza kabisa alilotamka ni kwamba karate haikutoka kwenye Ubudha wala mafundisho ya Confucius. Karne nzima kabla ya ukumbi wetu wa saruji! Sentensi moja ile ingetosha kumbakisha mtu.

Sitaki nionekane napinga adabu. Baadhi naziamini kuliko ninavyoamini ngumi yangu. Kata kucha, vua pete, inama kwa mwenzio kabla ya kupigana naye na baada ya kupigana naye, na amri ya kusimama ikitoka ngumi iishie hapohapo hewani. Bila hizo kuna meno yatabaki sakafuni. Funakoshi naye, katika mafunzo yake 20, la kwanza aliweka kwamba karate inaanza na kumalizikia kwenye heshima. Mimi naisoma kuwa heshima ya pande mbili. Ya kunyima watu maji kwenye joto la Dar mwezi Februari siioni popote humo, na naiita kwa jina lake: uonevu.

Watu wamewahi hata kupelekana mahakamani kwa jambo hili. Huko Seattle, Marekani, wacheza judo waliokataa kuinamia mkeka na picha ya Kano walishtaki, na mwaka 2002 wakashindwa. Jaji aliona ule ni utaratibu wa mchezo, si ibada. Sawa, sheria imesema. Ila karate imeshasafiri na kubadilika sana. Dar yenyewe, Goju-ryu ililetwa miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, akifundishia Shule ya Zanaki. Mmarekani mweusi anafundisha Waswahili sanaa ya Okinawa yenye mizizi China. Kitu kilichovuka bahari zote hizo kitashindwa kumvumilia kijana wa Tanga anayeomba kusimama kimya?

Haya yote nilimwaga pale mgahawani mpaka chai ikapoa. Nikafika hadi kwenye shikamoo. Nikamwambia, mbona maana yake ni kushika miguu, na wewe unawaamkia wazee kila siku, hakuna anayesema unawaabudu? Akacheka. "Shikamoo namwamkia mtu hai, kaka, naye ananiitikia marahaba. Picha haiitiki."

Nikakosa jibu. Akachovya sambusa kwenye pilipili, akaniuliza, "Siku ile wewe ulikuwa mstari wa ngapi?"

"Wa pili."

"Basi ulisikia."

"Nilisikia."

Hakuongeza kitu. Alilipa yeye, akakataa noti yangu. Tulipoagana nikamwambia kwamba ule mkanda alioukunja niliuokota jioni ile, na ninao hadi leo, chini ya begi. Ninapofanyia mazoezi siku hizi ni dojo nyingine, mwalimu ni mama mmoja wa makamo, maji tunakunywa, na ukutani kuna saa tu. Akaniuliza wanaanza saa ngapi. Nikamwambia Jumamosi, saa 10 jioni. Hakusema atakuja. Mkanda nimeshaufua, unakauka hapa dirishani.